Fundi wa Mwingereza

Boksi la spana liliondoka nyumbani kwa ndoo mbili za plastiki, moja ya bluu na moja ya kijani. Aliyefanya biashara hiyo ni Shemeji, tena kwa nia njema kabisa, na balaa nyingi za ukoo huanzia kwenye nia njema. Ilikuwa wiki ya sita tangu kaka yake azikwe. Alikuja kumsaidia mjane kupanga stoo, akalivuta lile boksi la bati kutoka chini ya meza, akajaribu spana moja kwenye nati ya gari lake, haikuingia. Ya pili ikaingia lakini ikacheza. Ya tatu ilikuwa imeandikwa robo, na mdomo wake ulikuwa mpana kuliko nusu inchi. Akaona wazi kwamba kaka yake, Mungu amrehemu, alikuwa ametunza takataka miaka yote hiyo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anapita na mkokoteni, na ndoo zake zilikuwa na vifuniko.

Mjane mwenyewe alirudi alasiri kutoka kupeleka sare za shule kwa mteja. Mtaani aliitwa Mama Vifungo, kwa kuwa kifungo alichokishona yeye kilidumu kuliko shati lenyewe. Akaziona ndoo mlangoni.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Nimekubadilishia na ule uchafu wa stoo," Shemeji akasema huku akijifuta vumbi. "Utawekea maji."

"Uchafu upi?"

"Zile spana mbovu. Shemeji, hakuna hata moja inayoingia popote. Nimezijaribu kwa mkono wangu."

Mama Vifungo hakupiga kelele. Aliketi juu ya ile ndoo ya kijani, akaweka mkoba wake mapajani, akatazama ndani ya stoo ambako Mwingereza alikuwa amesimama chini ya shuka kuukuu. Shemeji alidhani amefurahi, akaenda kunawa.

Mwingereza ilikuwa pikipiki, yenye silinda moja na tangi jeusi. Marehemu alikuwa tarishi wa ofisi ya ardhi, na aliinunua kwenye mnada siku ofisi ilipoletewa pikipiki mpya. Ilitengenezwa na watu waliokuwa na akili yao wenyewe: spana zao walizitaja kwa unene wa bolti, wala si kwa upana wa kichwa cha nati. Kwa hiyo spana iliyoandikwa robo hubana nati yenye upana wa zaidi ya nusu inchi, na spana za siku hizi zinazohesabiwa kwa milimita hazielewani nayo hata kidogo. Ile kumi na tatu haiingii na kumi na nne inapwaya. Mtu asiyejua hilo ataona spana mbovu. Shemeji hakujua.

*

Siku tatu baadaye, Jumatano, Shemeji alirudi na habari yake. Alikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, na baraza pana mbele.

"Nimeongea na ndugu," akaanza, akizungusha kikombe mkononi. "Na binti yako nimempigia. Wote tumeona Mwingereza ahamie kwangu. Nitaiweka pale barazani, nizungushie kamba, juu yake picha ya kaka. Kila mgeni atauliza, nami nitamweleza kaka yangu alikuwa nani."

"Itakuwa inawashwa?"

"Iwashwe na nani, shemeji? Aliyekuwa anaitengeneza ndiye huyo tumemzika. Chombo bila fundi ni mzigo. Ukiiacha hapa miaka miwili, utakuwa unaanikia nguo."

Hakuwa mtu mbaya. Siku yake ya kwanza ya sekondari alipelekwa na kaka yake, ameketi juu ya lile tangi, akashuka na doa la mafuta kwenye kaptula mpya, na wanafunzi wakamwita Kikaango mwaka mzima. Alipolisimulia hilo ikabidi ajifanye chai imempalia. Mama Vifungo alimwonea huruma, maana na yeye alilikumbuka lile doa. Ndiye aliyelitoa.

Binti yake, muuguzi katika mji wa mbali, alikuwa amekwisha kumpigia. "Mama, mwachie baba mdogo aichukue. Kwani utaipanda wewe?"

Hapana, asingeipanda. Hajawahi kuiendesha hata siku moja. Lakini alilokuwa anataka halikuwa kupanda, na hakuna mtu duniani aliyekuwa analijua, kwa kuwa yeye na marehemu walilificha miaka thelathini na moja.

Tarishi hakujua kutengeneza kitu. Bomba la maji likivuja alilifunga kwa kitambaa na kuliombea. Mwezi wa kwanza tu baada ya mnada Mwingereza aligoma, naye akaisukuma mpaka nyumbani, akaifungua ili ajionee, akashindwa kuirudisha. Mkewe, aliyezoea kuifumua cherehani yake na kuipaka mafuta, alichuchumaa karibu akasema, "Hicho ulichoshika kinarudi pale." Kuanzia hapo kazi ikawa yake. Ila mama mkwe alikuwa hai wakati huo, na alikuwa na mdomo. Mwanamume ambaye mkewe ndiye anayeshika spana angechekwa mpaka msikitini na kanisani. Basi kila Jumapili alasiri walifunga mlango wa stoo, redio wakaipandisha sauti ili nyundo isisikike, naye akafanya kazi huku mumewe ameshika taa na kumsimulia ya njiani: mbwa waliomfukuza, wakubwa waliosaini barua bila kuisoma. Ukimwambia akupe spana alikupa isiyo yenyewe, bila kukosea. Kazi ikiisha alijipaka oili mpaka kwenye viwiko, akatoka kwenda kunawa kwenye bomba la mbele, majirani wamwone. "Fundi umechoka leo," walimwambia. Naye aliitikia, "Acha tu."

Majirani wengine walikuwa na tafsiri yao kuhusu mlango ule uliofungwa kila Jumapili, na walitania. Mama Vifungo aliwaacha wadhani wanavyotaka. Zilikuwa saa tamu kuliko zote katika ndoa yake, na bado zinanukia petroli. Mwingereza akiondoka, saa hizo nazo zinaondoka.

Angeweza kulimaliza pale pale, kwa kusema, fundi ni mimi. Lakini kusema hivyo kungekuwa kumvua marehemu nguo mbele ya mdogo wake, na mtu akishafukiwa hana mdomo wa kujitetea. Akanywa chai yake.

"Nipe mpaka Jumamosi," akasema. "Ikiwaka mikononi mwangu, inabaki. Isipowaka, chukua."

Shemeji akamtazama kwa upole unaoudhi, kama ule wa daktari kwa mgonjwa anayedai amepona. "Mikononi mwako? Haya. Ngoja basi nikusaidie kuanza."

Akaenda kwenye gari, akarudi na sanduku linalong'aa, spana arobaini na sita, kila moja kwenye kitanda chake. Akachagua nati ya kifuniko cha vali. Kumi na tatu ikakataa. Akaweka kumi na nne, akasukuma kwa uzito wake wote, spana ikateleza, kona za nati zikalika na ngozi ya vidole vyake ikabaki kwenye mapezi ya silinda.

"Pole," akasema Mama Vifungo, na hakuwa anamwambia yeye.

"Unaona? Hata chuma chenyewe kimeshakufa."

*

Asubuhi yake Mama Vifungo alifanya jambo ambalo fundi wa pikipiki asingelifikiria. Alichukua kadibodi anayokatia mifano ya kola na mifuko, akaibandika juu ya nati moja baada ya nyingine, akaikandamiza kwa dole gumba mpaka alama ikajichora, kisha akaikata kwa mkasi. Nati ni kama shingo ya mteja, ukipata kipimo chake huna haja ya kubembeleza. Zikatoka kadibodi nne za pembe sita, akaziweka kwenye mkoba pamoja na chaki.

Shemeji alisisitiza kumsindikiza. Alijisikia vibaya kuhusu lile boksi, ingawa hakulisema kwa jina. Walipofika kwenye soko la vifaa vilivyotumika, muuzaji mmoja aliyeitwa Kutu alisimama kutoka kwenye kiti chake cha gari lisilokuwepo.

"Bosi, karibu sana. Nina seti kamili hapa, haijaguswa. Mama tumtafutie nini, kisu cha jikoni?"

"Mama anatafuta spana," Shemeji akasema, kidogo kwa aibu.

"Za nini?"

"Pikipiki ya Kiingereza, ya zamani," akajibu Mama Vifungo.

Kutu aliendelea kumtazama Shemeji. "Bosi, mchukulie seti hii. Humu hakikosekani kitu."

"Kinachokosekana ni kile ninachokitaka," akasema Mama Vifungo. "Kile kidumu cha nyuma, kina nini?"

"Ah, kile? Hizo ni za kuyeyushwa. Zimeandikwa namba za wendawazimu."

"Nisogezee."

Akachuchumaa, akakunja mikono ya blauzi, akaingiza mkono kwenye lile dumu lililokatwa juu. Hakuwa anasoma maandishi. Aliingiza kadibodi kwenye mdomo wa spana, kama inapita kwa kujikunja anaitupa spana, kama inacheza anaitupa, na vijana wa meza za jirani wakaanza kusogea kutazama.

"Mama anazishonea nguo," mmoja akasema, wakacheka. Shemeji akageuka kuangalia matairi.

Ilimchukua karibu saa nzima. Ile iliyobana nati ndogo ya kabureta aliipata haraka. Zilizoandikwa robo zilikuwa tatu, mbili midomo yake imepanuka kwa kutumiwa kama nyundo, akachukua ya tatu, ya duara, ambayo ingeshika mbavu za nati hata kama kona zimelika. Akachukua na ya mdomo wazi ya kipimo kinachofuata, na nyingine kubwa ya mhimili wa gurudumu, nzito, akaipima kwa kuining'iniza kwenye kidole. Halafu akatafuta spana ya plagi, ile ya bomba, akachungulia ndani yake kwenye mwanga. Kwenye bisibisi alisumbua zaidi. Kutu alimpa ya nyota, akairudisha. Akampa bapa nyembamba, akairudisha.

"Bapa pana, ijaze mtaro wa skrubu mpaka ukingoni. Ikipwaya inachimba."

"Mama, fundi wako ni nani?" Kutu akauliza, safari hii akimtazama yeye.

"Alikuwa mume wangu," akasema. "Amefariki."

Ilitoka kwa urahisi, kama ilivyotoka miaka yote. Kutu akasema pole. Kisha akapandisha bei, kwa sababu kosa la mnunuzi ni kuonyesha kwamba anajua, na Mama Vifungo akawa amekwisha kulifanya. Walivutana hapo, yeye akitishia kuondoka na Kutu akiapa kwa watoto wake, mpaka wakaelewana, na playa moja ikaongezwa juu pamoja na tupa ndogo iliyochakaa. Shemeji alitaka kumnunulia na nyundo kubwa.

"Ya nini?"

"Si ya kugongea?"

"Nina ya mpira ya kunyooshea ngozi. Mwingereza hapigwi, anaombwa."

Neno hilo lilikuwa la marehemu, alilisema kila Jumapili akiwa ameshika taa bila kazi nyingine. Mama Vifungo alishangaa kulisikia likitoka kinywani mwake. Njia nzima ya kurudi alikuwa amekumbatia kifurushi kama mtoto aliyelala.

*

Jumamosi Shemeji hakuja peke yake. Alimleta Karani, mzee mstaafu wa ofisi ya ardhi, aliyekaa meza moja na marehemu miaka ishirini. Alimleta awe shahidi, ili kesho watu wasije kusema amemdhulumu mjane. Karani aliingia na fimbo na miwani minene, akapewa kiti kivulini.

Mama Vifungo alikuwa ameitoa pikipiki nje, uani, mchana kweupe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anaishikia spana mahali ambapo jirani anaweza kuchungulia. Alitandika gazeti, akapanga vifaa vyake vyote juu yake, vikatosha kwenye ukurasa mmoja.

Ile nati iliyolika ndiyo aliyoanza nayo. Akaisawazisha mbavu kwa tupa, taratibu, akavalisha spana ya duara, akapiga kidogo kwa nyundo ya mpira kuikaza, kisha akavuta kwa mkono mmoja. Nati ikatoa mlio mfupi na kulegea. Shemeji alijikuta amesimama.

"Kumbe inafunguka?"

"Ikivuliwa kwa heshima."

Akapima nafasi ya vali. Akafungua sumaku inayotoa cheche, akazisugua pointi mbili, zile ncha za chuma zinazogusana humo ndani, zilizopiga kutu tangu marehemu alazwe hospitali, halafu akachomoa kwenye mkoba kadi ya biashara ya mteja wake mmoja, akaipitisha katikati ya pointi.

"Hiyo kadi ya nini?" Shemeji akauliza.

"Nafasi ya pointi ni unene wa kadi. Ikipita kwa kukwaruza kidogo, basi."

"Shemeji, haya umeyajulia wapi?"

Alikuwa analingoja swali hilo tangu Jumatano. Hakuinua macho.

"Kwa kaka yako. Alinifundisha yote. Yeye alikuwa anafanya, mimi namshikia taa."

Karani akakohoa kivulini. Shemeji akatikisa kichwa kwa fahari, macho yakamlowa tena. "Kaka yangu," akasema. "Kaka yangu alikuwa mtu."

Mama Vifungo akafungulia petroli, akabonyeza kipini cha kabureta mpaka tone likaanguka, akapanda juu akiwa amekusanya sketi yake. Kiki ya kwanza haikuleta kitu. Ya pili ikapumua. Ya tatu ikamrudishia mguu kwa nguvu, akashuka akishika paja, akauma mdomo ili asilie mbele yao. Kiki ya nne na ya tano, kimya.

"Basi, shemeji," Shemeji akasema kwa sauti ya chini, akamwekea mkono begani. "Umejaribu. Hakuna atakayekulaumu. Nitaitunza, nakuapia."

"Toa mkono."

"Shemeji..."

"Nimesema toa mkono."

Akachomoa plagi, akainusa. Ilikuwa imelowa petroli. Alikuwa ameikaribisha kupita kiasi, kama mtu anayemjazia mgeni sahani kwa kuogopa kuaibika. Akafunga petroli, akaipiga kiki tupu mara kadhaa kuikausha, akafuta plagi kwa upindo wa sketi, akairudisha. Akarudisha nyuma ule wenzo mdogo unaochelewesha cheche ili kiki isirudi mguuni, ambao kwa woga alikuwa ameusahau. Akavuta pumzi. Akakanyaga.

Mwingereza akawaka. Akakohoa moshi mweupe, akayumba kidogo, kisha akatulia kwenye mlio wake ule wa polepole, kila pigo likiwa na nafasi yake, na mtaa mzima uliokuwa haujausikia kwa miezi minane ukanyamaza kusikiliza. Mlango wa jirani ukafunguka. Mama Vifungo alisimama ameshika usukani, machozi yanamtoka wazi, na hakujisumbua kuyafuta.

Shemeji alipiga makofi. Aliposhindwa, alishindwa kwa moyo mweupe, na hilo lazima tumsifu. "Inabaki," akapaza sauti juu ya mlio. "Inabaki, shemeji, nimekubali. Mzee, umeona? Mtu amekufa na ufundi wake bado unatembea. Kaka alikuwa fundi."

"Fundi gani?" Karani akasema.

"Unasemaje, mzee?"

"Nasema fundi gani? Yule bwana alikuwa hawezi kufunga kalamu." Karani alikuwa anacheka mpaka miwani inamcheza puani. "Mwingereza alikuwa akizimika pale ofisini, madereva wanakuja na spana zao, yeye anawazuia. Anasema, msiguse, namsukuma mpaka nyumbani kwa fundi wangu. Tunamwuliza, fundi gani huyo asiye na gereji? Mwanzoni alikuwa hasemi. Mwishowe akasema, mke wangu. Tukacheka sisi. Yeye hakucheka. Akasema mbele ya mkuu wa idara..."

Mama Vifungo akainamisha kichwa upande wa kiti. Mlio wa injini ulikuwa unakula maneno. Miaka thelathini na moja alikuwa anamfunika mtu ambaye kila asubuhi alikwenda kazini kujifunua, akarudi jioni na kukaa kimya, akajipaka oili viwikoni kwa ajili ya mama yake na majirani, na pengine kwa ajili yake yeye, aliyedhani anamtunzia siri. Alitaka kumkasirikia, akashindwa.

Akapeleka mkono kwenye kizimio.

"Usizime!" Shemeji akaruka. "Shemeji, tumehangaika nayo kutwa. Ikigoma kuwaka tena je?"

"Ikigoma nitaitengeneza," akasema. "Mimi ndiye fundi wake."

Akazima. Kimya kikajaa uani. Akachukua lile gazeti lenye spana, akalisogeza pembeni, akaketi chini mbele ya kiti cha mzee huku mikono yake ikiwa nyeusi mpaka kwenye viwiko.

"Haya, Karani," akasema. "Anza upya. Mbele ya mkuu wa idara, alisemaje?"